Mwamba ulio chini ya kijiji chako: maongezi na walimu wa jiografia

Walimu wangu, wakubwa mliokaa hapo mbele shikamooni, na vijana mlioko mafunzoni kule nyuma habari za asubuhi. Asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kuniambia niongee nitakavyo, kwa hiyo leo hamna projekta hamna slaidi, nimekuja na mfuko wa mawe tu na huo mfuko unazunguka, shikeni, pimeni uzito mkononi, geuzeni kwenye mwanga wa dirisha muone yanavyometa.

Jambo langu ni moja. Maumbo ya nchi yetu tunayafundisha kama orodha ya kukariri. Mtoto anajua uwanda wa kati, anajua Bonde la Ufa, anajua miamba iko aina tatu, moto, tabaka na geu, anaandika kwenye mtihani anapata vema zake zote, halafu likizo anarudi kijijini kwao ambako kisima kilichimbwa kwa mashine mita 80 kikatoa vumbi, na bondeni pale chini mzee mmoja kachimba kwa sururu mita 6 kapata maji ya kunywesha ng'ombe, na mtoto huyu hajui kabisa kwamba maelezo ya visima vyote viwili alishayafanyia mtihani. Hapo ndo pananiuma. Mimi kazi yangu ni kutafuta maji chini ya ardhi, na nikifika kijiji kipya siulizi kwanza mvua inanyesha kiasi gani, nauliza jiwe la hapa ni lipi. Likishajulikana jiwe, mengi yanajulikana, udongo, maji, namna ya kujenga, hata hatari inayowasubiri watu.

Sasa shikeni hilo la kijivu lenye madoa meupe na mweusi unaong'aa. Hiyo graniti, imetoka Mwanza. Ule weusi unaobanduka kwa kucha ni ulanga, yale meupe na yenye rangi ya waridi ni feldispa, na vile vipande kama vioo vichafu ni kwatzi. Jiwe hilo mnalolishika lina zaidi ya miaka bilioni 2.5, yaani lilikuwepo kabla hakujawa na mnyama wala mti wala jani popote duniani, na halikuundwa juu hapa, liliganda polepole kilometa nyingi chini ya ardhi, ndiyo maana chembe zake ni kubwa zinaonekana kwa macho. Kilichokuwa juu yake chote kimeliwa na mvua na upepo na mito kwa muda ambao akili haiwezi kuubeba, mpaka lenyewe limebaki nje. Ukitoka Dodoma ukaenda Singida, Tabora, Shinyanga mpaka Mwanza unatembea juu ya kipande hichohicho kikubwa cha zamani, wataalamu wanakiita kratoni ya Tanzania, kimekaa hapo kigumu, hakipindi, hakikunjiki, ni mzizi wa nchi.

Ile miamba mikubwa ya Mwanza iliyokaa juu ya nyingine kama imepangwa, ile ya Bismarck ambayo kila mtu anaipiga picha, watoto wanauliza nani aliiweka pale. Hakuna aliyeiweka. Graniti ikiwa chini ina nyufa, zimepita wima na zimepita mlalo, maji yanaingia kwenye zile nyufa yanaoza jiwe kuanzia kwenye kona, kona zinaisha kwanza, kinachobaki katikati ni tufe gumu limezungukwa na udongo. Udongo ukisombwa tufe linabaki wazi pale pale lilipokuwa. Basi, ndo hivyo. Na kama mnataka somo la vitendo pitieni kwa wanaopasua kokoto kwenye vilima, wengi wao kinamama, muwaangalie wanavyofanya: wanawasha moto juu ya mwamba, wanauacha uwake muda mrefu, halafu jiwe linaachia tabaka lenyewe, linabanduka sahani pana ya unene wa kiganja hivi, ndipo nyundo inaingia. Ngozi ya nje ya jiwe imepata joto imetanuka, ya ndani bado baridi, kwa hiyo inaachana. Jua la mchana na baridi ya usiku, na ule uzito wa miamba ya juu uliokwisha kuondoka, vyote vinasaidia kuubandua mwamba kwa namna inayofanana na hiyo, ila kwa miaka elfu na elfu. Yule mama hajasoma sura ya kumomonyoka kwa miamba lakini anaijua kuliko wengi wetu humu ndani, na mimi ningekuwa mwalimu ningempeleka darasa zima pale.

Sasa tuje kwenye kisima. Graniti yenyewe haina matundu, maji hayawezi kukaa ndani yake. Maji yanakaa sehemu mbili tu, kwenye ile ngozi ya juu iliyooza ikawa kichanga na changarawe, na kwenye nyufa chini. Ukichimba ukakosa ufa umechimba jiwe kavu hata uende mita 100, na mwenzako akisogea hatua chache akaupata ufa anapata maji ya kijiji kizima. Kwa hiyo kule kwenye graniti kuchimba bila kupima ni kuchezea pesa za watu. Nimeona kamati za vijiji zimechangishana, mtu wa mashine kaja kachimba pale mwenyekiti alipoonyesha kwa sababu ni karibu na shule, pakavu, na mwenye mashine analipwa kwa mita, maji yatoke yasitoke. Kungekuwa na mtu mmoja tu kwenye kile kikao anayejua kwamba hapa ni graniti na maji yapo kwenye nyufa na kwenye bonde lenye tabaka nene la mwamba uliooza, maswali yangekuwa mengine kabisa. Dodoma ni kukavu lakini mji umekunywa maji ya visima vya Makutupora miaka nenda rudi, kwa sababu pale kuna bonde na kuna nyufa kubwa zilizovunja mwamba ukawa unashika maji.

Na udongo nao ni vilevile. Wasukuma wakulima wanayo majina yao ya kuita udongo na ukiyafuata unaona yamepangwa kutoka kilimani kwenda bondeni, juu karibu na mawe ni luseni, kichanga chepesi, mtu anapanda mihogo na karanga na viazi vitamu, ukishuka unakutana na itogolo, udongo wa katikati ya mteremko, ukishuka zaidi unafika mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi mguu wa ng'ombe unaingia, na masika hautoki ndani yake hata kwa trekta, huko ndo wanachimba majaruba ya mpunga. Mwamba mmoja, graniti ileile, lakini maji yanachukua chembe ndogo ndogo na chumvi yanapeleka chini, yanaacha kichanga juu. Mwanasayansi wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha Amani kule Usambara, aliliandika wazo hili mwaka 1935, kwamba udongo unabadilika kwa mpangilio kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, na leo vyuo vya dunia nzima vinalifundisha. Limetoka Afrika Mashariki! Na wanafunzi wa Kwimba na Magu wanakaa juu yake kila siku, mnaona eeh, wanasoma mifano ya Ulaya.

Humo humo kwenye kratoni katikati ya graniti kuna mikanda ya mawe meusi yenye ukijani. Hiyo ni lava ya kale mno, nyingi ilimwagika chini ya maji, ikabanwa ikabadilika, na maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa zake yakaacha dhahabu. Geita, Bulyanhulu, North Mara, Nzega, ukiziweka kwenye ramani ya miamba zote zimefuata ile mikanda. Na almasi ya Mwadui pale Shinyanga, aliyoikuta Mkanada John Williamson mwaka 1940, ipo pale kwa sababu almasi inahitaji mzizi mnene wa bara ulio baridi kiasi, na sisi mzizi huo tunao chini ya kratoni, mwamba wa kimbaliti ulipanda kwa kasi kutoka huko chini sana ukazibeba. Mtoto akiuliza kwa nini Kilimanjaro ambayo nayo imetoka chini haina almasi, jibu liko hapo.

Haya, tuhame. Pembeni mwa hiki kipande kigumu, mashariki yake yote kuanzia Longido na Simanjiro kushuka Morogoro mpaka kusini huko, kuna ukanda wa miamba geu. Mabara yaligongana kama miaka milioni 600 hivi iliyopita, miamba ikazikwa ikaokwa ikakunjwa, ndiyo hili jiwe lenye mistari myeusi na myeupe, naisi. Liangalieni mistari inavyopinda. Kwenye huo ukanda ndo kuna Mererani, tanzanaiti, iliyojulikana 1967 na haichimbwi kwingine popote, na rubi ya Longido, na madini ya kinywe, yaani grafiti, kule Mahenge. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alipotoa vipande viwili, kimoja kilo 9 na ushee na kingine kilo 5, nchi nzima ilizungumzia mabilioni, mimi nilitamani walimu siku ile wachukue chaki waeleze kwa nini Mererani na sio Tabora.

Milima ya Tao la Mashariki, yaani Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho, Udzungwa, pamoja na Taita kwa jirani zetu Kenya, nayo ni mawe hayohayo ya naisi. Sio volkano. Hili nalirudia maana kila mwaka nakutana na vijana waliomaliza shule wanaamini kila mlima ulilipuka. Hii ilinyanyuliwa kwenye nyufa, vipande vya nchi vilipanda vingine vikashuka, ndiyo maana ukiwa Mombo unaangalia Lushoto unaona ukuta. Inakinga mawingu ya bahari, msitu unashika maji, Uluguru inalisha Ruvu na Ruvu inanywesha Dar es Salaam. Kule Kihansi maji ya Udzungwa yanaporomoka kama mita 850, Tanesco inatoa megawati 180 pale. Napita haraka hapa sio kwa dharau, ni kwamba nataka muda wa kukaa kwenye volkano.

Ila kabla ya volkano lazima tupite Bonde la Ufa, maana ndo lililozileta. Nchi inavutwa, mashariki na magharibi, milimita chache tu kwa mwaka, na ule ufa ulipofika kwenye kratoni yetu haukuweza kuipasua, ukagawanyika ukaizunguka, mkono mmoja ukapita mashariki, Natron, Manyara, Eyasi, mwingine magharibi, Tanganyika na Rukwa, ikakaribia kukutana tena kule Mbeya juu ya Ziwa Nyasa. Hiyo ramani ikieleweka mwanafunzi hahitaji kukariri maziwa. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya ufa wenyewe, kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, uso wake uko mita 773 juu ya bahari, piga hesabu, sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, katikati ya Afrika! Ziwa Victoria ni kubwa zaidi kwa eneo lakini kina chake ni kama mita 80 tu, kwa sababu lenyewe halimo kwenye ufa, limekaa kwenye bonyeo lililobaki kati ya mikono miwili ilipoinuka, mito iliyokuwa inaelekea magharibi ikazuiwa maji yakajikusanya. Na ni ziwa linaloweza kukauka, lilishakauka, kama miaka 15,000 hivi iliyopita. Ukimwambia hivyo mvuvi wa Ukerewe anakutazama mara mbili, lakini tope la sakafu ya ziwa linaonyesha wazi.

Kuna kitu kingine kimenifurahisha sana cha Rukwa. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba kwenye gesi zinazotoka kwenye chemchemi za Rukwa kuna heliamu nyingi. Inatoka wapi? Ile miamba ya kale ina urani na thori kidogo, elementi za mionzi, zinaoza polepole kwa mabilioni ya miaka zinatoa heliamu, inabaki imefungiwa humo humo kwenye mwamba, halafu joto la Bonde la Ufa linakuja linaifungulia. Yaani mwamba wa zamani kabisa na ufa mpya kabisa vimekutana. Na ufa huohuo ndo unaotutikisa, tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 5.9, watu walifariki na maelfu ya nyumba zikaanguka, nyingi za tofali za udongo zisizo na nondo wala lenta.

Volkano sasa. Kaskazini huku mawe yanabadilika kabisa, shikeni hilo jeusi zito, basalti, halafu shikeni hilo jepesi lenye matundu muone tofauti. Hapa tunaongelea vitu vya juzi ukilinganisha na graniti, milioni chache za miaka, na vingine bado vinaendelea. Kilimanjaro mita 5,895 ni volkano tatu, Shira, Mawenzi na Kibo. Lava yake imejaa nyufa na matundu, mvua ya msituni inazama inatembea chini inatokea miguuni mwa mlima, ndo chemchemi kama Chemka, na Wachaga wakajenga mifongo, ile mifereji yao ya asili, kuyaelekeza maji ya mlimani kwenye migomba miaka mingi kabla hakujawa na idara ya maji. Ngorongoro ilikuwa mlima, kichwa kikaporomokea ndani, kreta imebaki kama kilometa 19 kwa upana na mita 600 kwenda chini. Na Ol Doinyo Lengai, hii hakuna mfano wake, ni volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti, nyeusi inapotoka, haina joto kali kama lava za kawaida, nyuzi 500 na kitu tu wakati basalti inapita 1,000, inatiririka nyepesi sana, na ikishapata unyevu wa hewa inageuka nyeupe ndani ya muda mfupi. Wageni wanalipa nauli za ndege kuja kuiona, na mimi nimekutana na walimu wa Arusha hawajafika hata Engare Sero, kijiji cha jirani na mlima huo, sio kosa lao, shule haina bajeti ya safari, lakini inaniuma.

Majivu ya milima hii ndo yaliyotengeneza Serengeti. Upepo umeyapeleka magharibi miaka na miaka, yakaanguka kwenye uwanda, mvua ikayayeyusha chokaa yake ikaganda chini ya udongo kama sakafu ngumu, mizizi ya miti haipiti. Kwa hiyo upande wa Ndutu, karibu na volkano, ni nyasi fupi tupu hamna mti, na kadiri unavyokwenda kaskazini magharibi majivu yanapungua, nyasi zinarefuka, miti inaanza. Na zile nyasi fupi zina kalisi na madini mengine ya majivu, nyumbu wanazifuata kuzalia, mwezi wa pili pale unaona ndama kila kona. Basi watalii wote wale, hoteli zote zile, ajira zote zile, chini yake kuna majivu. Laetoli ni hivyo hivyo, miaka milioni 3.6 iliyopita majivu yaliyolowa mvua yakakanyagwa na viumbe wanaotembea kwa miguu miwili, yakaganda, mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ikaufukua msururu wa nyayo. Na matabaka ya Oldupai yanapimika umri kwa sababu kati ya tabaka na tabaka kuna majivu ya volkano, ndo saa yetu ile. Eneo lote hili Ngorongoro Lengai UNESCO walilitambua kama jiopaki, yaani hifadhi ya urithi wa jiolojia, mwaka 2018.

Lakini jiwe hilohilo la volkano linadhuru, na hapa naombeni tusikilizane vizuri. Wengi mnajua meno ya wenyeji wa Arusha na kuzunguka Meru, yale yenye madoa ya kahawia, wengine mpaka yanamomonyoka. Watoto wanataniwa bweni zima wakifika shule za mikoa mingine, anafunika mdomo akicheka, anaambiwa hapigi mswaki. Yale ni madini ya floraidi. Miamba ya volkano za kwetu ina floraidi nyingi, maji yanapita ndani yake yanaibeba, kisima kinatoka maji meupe masafi matamu huwezi kushuku kitu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo huku vinavyopita hapo mara kadhaa. Jino linaharibika wakati linaundwa, mtoto akiwa mdogo, kabla hata halijaota, na floraidi ikiwa nyingi zaidi inaingia kwenye mifupa, miguu inapinda. Halafu kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki, inakolea zaidi, na kuna mama anachemsha kila siku kwa upendo wote akijua anamkinga mtoto. Magadi ya kupikia nayo yanaongeza. Kinachosaidia ni kupitisha maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kitaalamu, pale Ngurdoto kuna kituo kimefanya kazi hii kwa miaka mingi, au kuchanganya na maji ya chanzo kingine, au kukinga maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo walau. Mwalimu wa jiografia wa Usa River au Maji ya Chai akieleza hili darasani kama sehemu ya miamba moto, yule mtoto anarudi nyumbani na kitu cha kumwambia mama yake mwenye mimba. Mimi sioni mada nyingine kwenye silabasi yenye uzito kama huo kwa mtoto wa pale.

Na Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili asubuhi, tope na mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani yakapita Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 walifariki. Mitandaoni siku zile ilisemwa sana kwamba mlima umelipuka. Haukulipuka. Serikali ilieleza baada ya wataalamu kupanda kule juu, kwamba sehemu ya mlima yenye mwamba laini ilinyonya maji ya mvua ile kubwa, ikalemewa, ikameguka, ikajazana mtoni ikashuka na kila kilichokuwepo. Hanang ni volkano, mita 3,400 na ushee, iliyolala muda mrefu, na mawe yake ya majivu yameoza, mteremko ni mkali, na vijito vimeshuka moja kwa moja kwenye makazi. Sasa milima ya aina ile nchini sio mmoja, na watu wanajenga kwenye mdomo wa korongo kwa sababu pana udongo mzuri na maji karibu. Ule udongo mzuri uliletwa pale na matope ya zamani! Tabaka za mawe makubwa yaliyochanganyika na udongo kwenye kuta za korongo ni ushahidi kwamba ilishatokea, sio mara moja, na mtu aliyefundishwa kuangalia anauona akiwa anapita kwenda sokoni.

Kusini na pwani nitaenda kwa mwendo. Ruvuma na Njombe kuna matabaka ya Karoo, mchanga na tope la mabonde ya kale pamoja na misitu iliyozikwa, ndo makaa ya mawe ya Ngaka na Mchuchuma. Lindi kuna Tendaguru, Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 wakabeba mifupa ya dinosaria ya miaka kama milioni 150, mmoja amesimama Berlin ana urefu wa mita 13 kwenda juu, mifupa ilibebwa na wapagazi wetu vichwani mpaka bandarini Lindi, na mtoto wa Lindi leo akitaka kumuona anahitaji viza. Hilo naliacha hapo, mjadala wake ni mkubwa. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay nayo imekaa kwenye mawe ya mchanga ya ukanda huo.

Uwanda wa Makonde ndo ninaoupenda. Newala mko juu, upepo mzuri, korosho zimejaa, mvua inanyesha ya kutosha kabisa, na maji hamna. Mvua ikigusa tu imezama, kwa sababu juu yote ni mchanga na mawe ya mchanga yasiyoshika, maji yanashuka mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha, yanatokea pembeni chini kwenye mtelemko. Vizazi na vizazi vya kinamama wameshuka ule mtelemko alfajiri na kupanda na ndoo, na mradi wa Makonde wa kusukuma maji kutoka bondeni kwenda juu ni wa tangu enzi za ukoloni na bado kiangazi kuna watu wananunua ndoo. Kwa nini kuna mvua na hamna maji, swali hilo likiulizwa darasani Newala, tayari umeshafundisha miamba tabaka yote.

Pwani ni matumbawe na chokaa. Mapango ya Amboni Tanga ni maji yaliyokula chokaa. Wazo Hill ni chokaa, simenti iliyojenga Dar imetoka pale. Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe vimejengwa kwa jiwe la matumbawe, na mafundi wa zamani walikuwa na ujanja, kwa kazi ya nakshi kama mihirabu walikata matumbawe mabichi kutoka baharini, yakiwa na maji ni laini yanachongeka kama unavyotaka, yakikauka yanakuwa magumu. Unguja ukienda mashariki na kusini ni mawe matupu, udongo uko kwenye vishimo tu mkulima anapanda shimo kwa shimo, magharibi udongo ni mzito ndo kwenye mikarafuu. Na lile jiwe lina matundu kiasi kwamba maji ya vyoo yanashuka moja kwa moja kwenye maji ya kunywa, na hoteli ikivuta maji mengi kisimani bahari inaingia taratibu, chumvi ikishaingia haitoki kirahisi, unaweza kusubiri miaka.

Sasa ombi langu kwenu, na nimeshaongea na baadhi yenu asubuhi wakakubali kujaribu. Kila shule ichukue daftari moja gumu. Wanafunzi waende kwenye visima vyote vinavyofikika kwa mguu, vinavyofanya kazi na vilivyokufa, waulize mwenye navyo: kina mita ngapi, maji yalianza kuonekana mita ya ngapi, kiangazi yanapungua au yanakauka, ladha yake ikoje, na udongo uliotoka ulikuwa wa rangi gani kuanzia juu mpaka chini. Waokote jiwe la pale, waliandike namba, waliweke darasani. Kule kaskazini waongeze swali la meno ya watoto waliokulia pale, kwa heshima, bila kuandika majina. Milimani waongeze wazee wanakumbuka wapi palishaporomoka. Taasisi ya jiolojia iko Dodoma na ramani za miamba wanazo, ombeni kipande cha wilaya yenu mlinganishe na daftari. Mwaka unaofuata darasa jingine linaendeleza daftari lilelile, na fundi wa mashine akija kijijini na mwenyekiti akainua mkono kuonyesha pa kuchimba, mtoto wa kidato cha pili aweze kusema mzee ngoja kwanza, pale walichimba mita 80 wakakuta graniti nzima, bora tupime kule chini kwenye bonde.

Nipo hapa mpaka saa kumi, njooni na maswali, na aliyeleta jiwe la kwao lilete mezani tuliangalie pamoja.